Gaudí asisingiziwe ndoto

Anapotajwa msanifu Antoni Gaudí, sifa huanza na kosa. Huitwa mwotaji. Huitwa mchawi wa mawe, mwendawazimu wa Mungu, mtu aliyefumba macho akaona majumba ya ajabu, kisha akayafumbua na kuyajenga. Wanaowatembeza watalii Barcelona huyarudia hayo kutwa kucha, vitabu vya picha huyachapa kwa rangi, na hata walimu wa usanifu huwaacha wanafunzi wao wayaamini. Kwa kuwa husemwa kwa mapenzi, ni vigumu kuyapinga: nani anataka kumpokonya marehemu sifa zake? Lakini sifa hizi ndizo zinazompokonya. Zinamwachia maono na kumnyima hesabu. Zinafuta zaidi ya miaka arobaini ya kupima, kuning'iniza, kuvunja na kupima tena. Ninashikilia kwamba Gaudí alikuwa mjenzi mwenye akili tulivu kuliko wasanifu wengi wa zama zake, na kwamba karibu kila kinachoonekana kama njozi katika kazi yake kina sababu inayoelezeka kwa uzito, kwa mvua, kwa mwanga, au kwa bei ya tofali.

Alizaliwa tarehe 25 Juni 1852, upande wa Reus, kusini mwa Katalonia, katika ukoo wa wafua shaba. Baba yake Francesc alifua mitungi mikubwa ya kukamulia pombe kali, na babu zake walikuwa wa kazi hiyo hiyo. Mfua shaba huchukua bati bapa, akaligonga mpaka lipate tumbo, na tangu pigo la kwanza lazima awe anaona umbo lenye pande zote, maana karatasi haimsaidii kitu. Gaudí mwenyewe ukubwani alisema kuwa uwezo wake wa kuona nafasi alirithi huko. Wasifu wengi huitaja habari hii kwa sentensi moja, kisha hukimbilia kisa cha mtoto mgonjwa wa baridi yabisi aliyekaa peke yake akitazama konokono na majani. Konokono na majani yalikuwepo, sikatai. Lakini watoto wengi wametazama konokono, na aliyejenga jumba la La Pedrera ni mmoja, naye alikulia kando ya nyundo.

Ushahidi mzito zaidi uko Santa Coloma de Cervelló, nje kidogo ya Barcelona, ambako mfanyabiashara Eusebi Güell alikuwa na kiwanda cha nguo na kijiji cha wafanyakazi wake, Colònia Güell. Mwaka 1898 alimwomba Gaudí awajengee watu hao kanisa. Mtu wa njozi angechora siku hiyo hiyo. Gaudí alikaa miaka kumi kabla ya kuweka jiwe, na miaka hiyo aliitumia kwenye kibanda chenye dari iliyojaa nyuzi. Kila uzi aliuning'iniza kwa ncha mbili, akaufungia vifuko vyenye risasi ndogo ndogo, na uzito wa kila kifuko ulikuwa sehemu ya elfu kumi ya uzito ambao tao la mahali pale lingebeba. Modeli nzima ilikuwa sehemu ya kumi ya ukubwa wa kanisa. Akiongeza kifuko kimoja, nyuzi za jirani nazo zilijivuta na kutafuta mkao mpya. Alipiga picha, akaigeuza juu chini, na kwenye picha hiyo iliyopinduliwa akachora kuta na madirisha.

Sababu yenyewe haina siri. Uzi hauwezi kusukumwa, unaweza kuvutwa tu, kwa hiyo ukining'inia na mizigo yake hujipanga wenyewe katika mstari ambamo nguvu yote ni ya kuvuta. Ukiupindua mstari huo, kila palipokuwa na mvuto sasa pana mgandamizo. Mawe na matofali hustahimili sana kugandamizwa na hustahimili kidogo mno kuvutwa. Tao linalofuata mstari wa uzi uliopinduliwa linasimama bila chuma na bila ukuta wa kuliegemeza. Mwingereza Robert Hooke alikwisha kulijua jambo hili katika karne ya 17, na mwaka 1748 Giovanni Poleni alilitumia kuchunguza nyufa za kuba la Mtakatifu Petro kule Roma. Gaudí hakulibuni. Alilolifanya ni kulitoa kwenye tao moja bapa na kulitandaza katika jengo zima lenye mamia ya matao yanayosukumana kila upande, wakati ambapo hapakuwa na mashine ya kulikokotoa.

Hapa huja hoja ya upande wa pili, nayo ni hoja ya maana: mtu huyu, wanasema, hakukokotoa, alicheza na nyuzi, na kucheza na nyuzi ni kazi ya hisi. Si kweli. Modeli ile ni hesabu. Nguvu ya uvutano ya dunia ndiyo iliyokuwa inakokotoa, na jibu lake lilikuwa sahihi kwa kiwango ambacho kalamu ya wakati ule isingekifikia kwa jengo tata namna hiyo. Tena pale ambapo karatasi ilitosha, aliitumia karatasi: kuta za kuzuia udongo za Park Güell zilipimwa kwa njia ya michoro ya nguvu, ile ile waliyoitumia wahandisi wa madaraja. Kanisa la Colònia Güell halikumalizika. Ujenzi ulianza 1908, ukasimama 1914, na iliyobaki ni sehemu ya chini peke yake. Ingia humo uone nguzo za basalti zilizoinama, halafu uniambie kama kuna hata moja iliyoinama kwa kupendeza tu. Kila moja imelala kuelekea kule unakotoka mzigo wake.

Kuhusu maumbile, kosa linalosemwa ni la ndani zaidi. Tunaambiwa Gaudí aliiga miti, mifupa na mawimbi. Yuko aliyeiga kweli, na kwa Gaudí zipo sehemu za kuiga, nitazifikia. Lakini nguzo za ndani ya kanisa la Sagrada Família hazikuchanua matawi kwa sababu miti inapendeza. Zilichanua kwa sababu paa la kanisa lile, ambalo katikati lina urefu wa mita 45 na kwenye makutano ya msalaba mita 60, lilikuwa lazima libebwe bila yale mategemeo ya mawe yanayoyaegemea makanisa ya Kigothi kwa nje, ambayo Gaudí aliyaita magongo. Aliligawa paa vipande vipande, akatafuta kitovu cha uzito cha kila kipande, akakipelekea tawi. Matawi yakakutana kwenye shina lililoinama kidogo kuufuata msukumo, na shina likashuka moja kwa moja hadi kwenye msingi. Mti nao hutatua shida iyo hiyo: mzigo uliotawanyika juu, shina moja chini. Waliofanana hapo ni wajenzi wawili waliopewa swali moja.

Mawe ya nguzo hizo yenyewe yanatosha kuwanyamazisha wanaozungumzia ndoto. Palipo na mzigo mkubwa kabisa, kwenye makutano, ni jiwe jekundu la porfiri. Mzigo ukipungua inafuata basalti, kisha itale, kisha jiwe la mchanga kwenye nguzo nyepesi za pembeni. Mtalii huona rangi nne na kufurahi. Rangi zile ni orodha ya uzito. Nazo nguzo zimechongwa kwa kanuni moja: chukua umbo la nyota lenye pembe, lizungushe likipanda upande wa kulia, lizungushe tena upande wa kushoto, ubakize kile kilichomo katika mizunguko yote miwili. Nyota ya pembe 8 hugeuka kuwa ya pembe 16, kisha 32, na juu kabisa hukaribia duara. Hakuna mahali mchongaji aliambiwa afuate moyo wake.

Nije kwa mwashi, ambaye watu wa njozi hawamtaji kabisa. Nyuso zilizojipinda za Gaudí zina majina ya kutisha: hiperboloidi, paraboloidi ya kihiperboli, helikoidi, konoidi. Zote zina tabia moja, kwamba kila uso wa namna hii unaweza kutengenezwa na mistari iliyonyooka. Simamisha fito mbili zisizo sambamba, gawa kila moja sehemu sawa, funga kamba kutoka alama hadi alama, na kamba zile zilizonyooka zitakuchorea uso uliopinda. Mwashi asiyejua aljebra anaweza kuujenga kwa kamba, fito na timazi, vifaa alivyonavyo tayari. Kwa hiyo Gaudí alichagua mipindo ambayo mkono wa kawaida ungeweza kuijenga na kuikagua. Anayechora mpindo wowote unaomjia kichwani humwachia mwashi taabu. Huyu aliondoa taabu hiyo kwenye meza yake kabla haijafika jengoni.

Shahidi wa bei nafuu kuliko wote ni shule ndogo aliyoijenga 1909 kando ya Sagrada Família, kwa watoto wa wafanyakazi na wa mtaa ule. Kuta zake na paa lake ni matofali membamba yaliyopangwa kwa ubapa, tabaka juu ya tabaka, kwa ufundi wa zamani wa Katalonia. Paa linapanda na kushuka kwa mawimbi. Ukipenda utasema bahari. Lakini kaukunje ukurasa wa daftari: bapa unalegea, ukiwa na mikunjo unasimama. Mawimbi ndiyo nguvu ya paa lile, ndiyo yaliyoruhusu tofali jembamba na pesa kidogo, na ndiyo yanayomwaga maji ya mvua pande zote mbili. Le Corbusier, aliyehubiri nyumba zilizonyooka na nyeupe, alifika Barcelona 1928 akalichora paa hilo katika daftari lake. Alilielewa mara moja kama mhandisi.

Hali ni hiyo hiyo Park Güell. Vigae vilivyovunjwa vinavyofunika benchi refu lililopindapinda vilikuwa vipande vya kutupwa, na kigae kizima hakikai juu ya mpindo, sharti kivunjwe. Uwanja uliozungukwa na benchi hilo umebebwa na nguzo 86, na maji ya mvua yanayoangukia hapo huchujwa na mchanga, yakashuka ndani ya nguzo hadi kwenye tangi la chini la ujazo wa takriban mita za ujazo 1,200. Eneo lile halikuwa bustani ya kuchezea. Güell alitaka mtaa wa nyumba 60, juu ya kilima kikavu, na maji yalikuwa sharti la kwanza. Biashara ilianguka, zikajengwa nyumba mbili tu, na sisi tuliokuja baadaye tukaona nguzo bila kuona tangi. Kwenye nyumba ya Casa Batlló nako wanatuonyesha paa wakatuambia ni joka la Mtakatifu George. Tafsiri hiyo ni ya watazamaji. Mimi ningewapeleka kwenye kishimo cha mwanga katikati ya nyumba: vigae vya buluu iliyokoza juu, vinafifia kadiri unavyoshuka, na madirisha ni madogo juu na makubwa chini, ili aliye ghorofa ya kwanza apate mwanga sawa na wa aliye ghorofa ya mwisho. Huo ndio uzuri wa nyumba ile, na ni uadilifu kwa wapangaji.

Sasa nizikabili sehemu ambazo hazinisaidii. Uso wa Kuzaliwa kwa Yesu, upande wa mashariki wa Sagrada Família, umejaa kuku, bata, mimea, malaika, kobe chini ya nguzo. Sina hesabu ya uzito ya kumtetea kobe. Gaudí alitia jasi juu ya watu na wanyama walio hai ili apate umbo lao, na huko alikuwa anaiga, tena anaiga kwa ukali. La Pedrera, iliyojengwa kati ya 1906 na 1912, iliwagharimu wenyewe kuliko walivyokubaliana, ikavunja vipimo vya halmashauri ya jiji, ikaishia kwenye kesi ya malipo. Na alikuwa mtu wa kuzidisha kwa nafsi yake pia: katika Kwaresima ya 1894 alifunga mpaka karibu afe. Hayo yote ni kweli. Lakini tazama maisha yake yalielekea wapi. Casa Vicens, kazi yake kubwa ya kwanza iliyoanza 1883, imefunikwa vigae na mapambo kila kona, huku mifupa yake ni ya kawaida. Miaka thelathini baadaye, katika michoro na modeli za ndani ya Sagrada Família, pambo linakaribia kutoweka na jiometri inafanya kazi yote. Mlevi wa njozi huzidi kulewa kadiri anavyozeeka. Gaudí alikwenda njia ya kinyume: tangu 1914 alikataa kazi nyingine zote, akajifungia na modeli za jasi za sehemu ya kumi na sehemu ya ishirini na tano, akitafuta kanuni chache zitakazotosha kanisa zima.

Dini nayo hutumiwa kama kithibitisho cha wazimu. Mzee mwenye koti lililochakaa, aliyegongwa na tramu tarehe 7 Juni 1926, akadhaniwa ombaomba, akafa siku tatu baadaye katika hospitali ya maskini: kisa hiki husimuliwa kana kwamba kinaeleza minara. Hakielezi. Imani ya Gaudí ilikuwa na athari kwenye ujenzi, ila athari yenyewe ilikuwa kubana. Sagrada Família iliasisiwa na chama cha waumini kilichoanzishwa na muuza vitabu Josep Maria Bocabella kama kanisa la malipizi, maana yake linajengwa kwa sadaka peke yake. Jiwe la msingi liliwekwa tarehe 19 Machi 1882 chini ya msanifu mwingine, Francisco de Paula del Villar, na Gaudí alilipokea mwaka uliofuata. Sadaka ilipokauka, kazi ilisimama. Anayejenga hivyo hathubutu kubuni kitu ambacho ni yeye tu anayekijua, kwa sababu amekwisha kujua atakufa kabla hakijaisha. Alipanga mnara wa Yesu Kristo uwe wa mita 172.5, pungufu kidogo ya kilima cha Montjuïc, ili kazi ya mwanadamu isiipite ya Mungu. Papa Fransisko alipoidhinisha fadhila zake za kishujaa mwezi Aprili 2025, wengi waliandika tena kuhusu fumbo na maono. Nilitamani hata mmoja aandike kuhusu kiasi.

Wala hakuwa peke yake. Vigae vya benchi la Park Güell ni mkono wa Josep Maria Jujol. Francesc Berenguer, ambaye hakuwahi kupata shahada ya usanifu, alikuwa msaidizi wake wa miaka mingi. Llorenç Matamala alisimamia uchongaji. Joan Rubió na Domènec Sugrañes walikuwa wasanifu kamili. Karakana yenye watu wa namna hiyo huendeshwa kwa maelezo yanayoeleweka, hasa pale ambapo bwana mkubwa haandiki vitabu.

Tarehe 20 Julai 1936, vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka Hispania, kanisa la chini la Sagrada Família lilichomwa moto, karakana ikavamiwa, michoro ikaungua na modeli za jasi zikavunjwavunjwa. Waliobaki walikusanya vipande. Mwaka 1965 gazeti la La Vanguardia lilichapisha barua ya kutaka ujenzi usimamishwe, na jina la Le Corbusier lilikuwa miongoni mwa waliotia saini. Moja ya hoja zao kuu ilikuwa hii tunayoibishia: kanisa ni tendo la mtu mmoja mwenye kipaji, mtu amekufa, karatasi zimeungua, basi anayeendelea anaghushi. Kama Gaudí angekuwa mwotaji, wangekuwa wameshinda. Lakini kipande cha hiperboloidi ni kipande cha kanuni. Ukiwa na pointi za kutosha juu ya uso wake unaweza kupata sehemu iliyopotea, kama vile duara zima linavyoweza kupatikana kutokana na upinde mdogo. Wasanifu waliounganisha vipande vile, na baadaye Jordi Bonet na Mark Burry waliotumia programu za kompyuta zilizotengenezwa kwa ajili ya usanifu wa ndege, waliyapata maumbo ya ndani ya kanisa kwa kupima. Papa Benedikto XVI alilitabaruku tarehe 7 Novemba 2010 likiwa na paa. Watia saini wa 1965 walikuwa na haki ya kuchukia sanamu zilizofuata, na mimi nyingine sizipendi. Kuhusu mifupa ya jengo, walikosea.

Kosa la kumwita Gaudí mwotaji halijaisha, na sasa linawagusa watu walio hai. Uso wa Utukufu, ambao ndio mlango mkuu, unaelekea mtaa wa Mallorca. Wasimamizi wa kanisa wanataka ngazi kubwa itakayovuka mtaa huo, na ng'ambo yake yamesimama majengo ya ghorofa yenye wakazi ambao kwa miaka wamekuwa wakiishi na hofu ya kubomolewa. Wasimamizi wanasema ngazi ilikuwa katika mpango wa Gaudí. Wakazi wanabisha. Na mjadala ukipamba moto, linaletwa lile lile: ndoto ya Gaudí lazima itimie. Hapo ninasimama na wakazi. Ndoto hairuhusu mazungumzo, hutimizwa au huvunjwa. Mpango wa mjenzi hukaguliwa, huulizwa sababu, hubadilishwa ardhi ikibadilika. Mtu huyu wa ngazi ndiye aliyekataa kusawazisha kilima cha Park Güell, akapindisha barabara zake zifuate mteremko uliokuwepo na kuzibeba kwa mawe yaliyochimbwa pale pale. Wakati anapanga mlango ule mbele yake palikuwa mashamba na viwanja vitupu. Leo pana jikoni, vyumba vya kulala na watoto waliozaliwa humo. Wenye hoja ya uzito, ya njia ya watu, ya usalama wa umati, waitoe mezani pamoja na vipimo, wakazi waijibu, na jina la Gaudí lisitumiwe kufunga kikao.